Kielezi Kikae Wapi Ndani ya Kishazi cha "that": Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale kila mara. Niandike "I know that he often forgets" au "I know that he forgets often"? Kwa nini nimekatwa alama kwenye "I think that she speaks well English" na kila neno ni sahihi? "Yesterday" ikae kabla ya "that" au iende mwisho wa sentensi? Kama nawe umekwama hapo, fuata hatua hizi ukiwa na sentensi zako mwenyewe mbele yako. Kusoma tu hakutoshi. Mkono lazima ufanye kazi.

Nadharia nitaipunguza kadiri niwezavyo. Ila kuna jambo moja la kushika tangu sasa, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo. Sentensi yenye kishazi cha "that" ina angalau vitenzi viwili, na kielezi chako ni cha kimojawapo. Usiulize kielezi kikae wapi kabla hujajua ni cha kitenzi kipi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sentensi chache ulizoziandika wewe, zenye "that" ndani yake. Zitoe kwenye barua, ripoti au insha. Za kutunga papo hapo hazifai sana; huwa fupi mno na hazionyeshi tatizo.
- Uwezo wa kutambua kiima na kitenzi. Katika "I believe that the driver has left", upande wa kwanza kiima ni "I" na kitenzi ni "believe". Upande wa pili kiima ni "the driver" na kitenzi ni "has left".
- Vitenzi visaidizi kichwani: be, have na do katika maumbo yake yote, pamoja na will, would, can, could, may, might, must, shall na should.
- Kujua aina ya kielezi chako. Kuna cha namna kama "carefully", cha wakati kama "yesterday", cha mahali kama "outside", cha idadi kama "often" na "never", na kinachobeba uhakika au maoni ya msemaji kama "probably" na "unfortunately".

Mwongozo huu unashughulika na "that" yenye kazi ya "kwamba". Ile yenye kazi ya "ambaye" au "ambayo" nimeigusa mwishoni.

Hatua ya 1: Gawa sentensi

Piga mstari wima mbele ya "that":

The manager said | that the workers had finished the job.

Kushoto kuna sentensi kuu. Kulia kuna kishazi tegemezi chenye kiima chake, kitenzi chake na vielezi vyake. Kama uliandika bila "that", mfano "He said he would come", irudishe kwanza. Ukimaliza kazi unaweza kuiondoa tena, kwa sharti lililo katika hatua ya 3.

Hatua ya 2: Amua kielezi ni cha upande upi

Tuseme unataka kutumia "on Friday". Jiulize: kilichotokea Ijumaa ni nini, kuambiwa au kufungwa?

"He told me on Friday that the office was closed." Kuambiwa ndiko kulikotokea Ijumaa.

"He told me that the office was closed on Friday." Msomaji ataelewa kuwa ofisi ndiyo iliyofungwa Ijumaa. Siku uliyoambiwa haijulikani.

Maneno ni yaleyale na idadi ni ileile, lakini habari ni mbili. Ona pia hizi:

"I suddenly realised that the lights had gone off." Aliyeshtukia ni mimi, taa huenda zilizimika zamani.

"I realised that the lights had suddenly gone off." Taa ndizo zilizozimika ghafla.

"It is often said that he lies." Watu wanasema hivyo mara nyingi.

"It is said that he often lies." Yeye ndiye anayedanganya mara nyingi.

Ukishindwa kuamua, isemee sentensi hiyo Kiswahili ukitumia "kwamba". Kwa vielezi vya wakati mpaka ni uleule: "Aliniambia Ijumaa kwamba ofisi imefungwa" ina maana tofauti na "Aliniambia kwamba ofisi imefungwa Ijumaa". Kwa vielezi vingine usitegemee sana njia hii, na sababu utaiona katika hatua ya 4 na ya 5.

Hatua ya 3: Kielezi cha kitenzi cha kwanza kikae kabla ya "that"

Kisivuke mpaka. Ukiandika "She explained that the office was closed clearly", neno "clearly" limeshikamana na kufungwa kwa ofisi, na hiyo si maana yako. Andika "She explained clearly that the office was closed" au "She clearly explained that the office was closed".

Hapa wengi hunisimamisha, na wana haki. Darasani walifundishwa kutotia kielezi kati ya kitenzi na yambwa yake (object), na kishazi cha "that" kinafanya kazi ya yambwa. Mbona basi "explained clearly that" inakubalika? Kwa sababu Kiingereza hupeleka vipande virefu na vizito mwisho wa sentensi. Yambwa fupi kama "English" au "the rule" hukaa ubavuni mwa kitenzi na kielezi huisubiri. Kishazi kizima ni kizito mno kusubiriwa, hivyo kielezi kinatangulia. "She explained clearly the rule" ina kasoro. "She explained clearly that the rule had changed" haina.

Mahali penyewe panategemea aina ya kielezi. Vinavyoonyesha nguvu ya imani au hisia hupenda kuwa mbele ya kitenzi: "I firmly believe that", "I strongly suggest that", "I fully understand that", "I sincerely hope that". Vinavyoonyesha namna mtu alivyosema huweza kuwa mbele au nyuma ya kitenzi, na nyuma huwa vinasikika vizuri sana: "He replied angrily that he had paid", "She announced proudly that she had passed". Vya wakati maalumu, kama "yesterday" na "on Friday", huanza sentensi au hukaa mara tu kabla ya "that". Usiviweke kati ya kiima na kitenzi. "He yesterday said that" si Kiingereza cha kawaida. Andika "Yesterday he said that" au "He said yesterday that".

Tahadhari: kielezi kikiwa kimekaa mara tu kabla ya "that", usiiondoe "that" hiyo. Tazama "The doctor said today the patient could go home". Daktari alisema leo, au mgonjwa anaweza kwenda leo? Hakuna wa kujua. Rudisha "that" na utata unaisha: "The doctor said today that the patient could go home", au "The doctor said that the patient could go home today".

Hatua ya 4: Kielezi cha kitenzi cha pili, nafasi ya katikati

Ndani ya kishazi, mpangilio ni ule wa sentensi inayojitegemea. "That" haibadilishi chochote. Ziba upande wa kushoto pamoja na "that", usome kilichobaki. Kikisimama chenyewe, kitasimama pia ndani ya kishazi.

Vielezi vya idadi na vya uhakika, kama always, usually, often, rarely, never, probably, definitely na already, makao yake ya kawaida ni katikati:

- Kitenzi kikiwa kimoja, kielezi kinatangulia: "I know that he often forgets."
- Kitenzi kikiwa be peke yake, kama kishirikishi, kielezi kinafuata: "I know that he is often late."
- Kukiwa na kisaidizi kimoja, kielezi kinafuata kisaidizi: "I know that he has often complained."
- Kukiwa na visaidizi viwili au zaidi, kielezi kinafuata cha kwanza: "I fear that the bag has probably been stolen."

Kielezi cha namna ni tofauti kidogo kwenye mfano wa mwisho. Kinasogea karibu na kitenzi kikuu: "I heard that the house had been badly damaged", si "had badly been damaged".

Kosa linaloongoza kwetu ni kuweka kielezi baada ya kitenzi kikuu: "They say that he comes always late". Linatokana na mazoea, kwa kuwa sisi husema "anachelewa kila mara" na inatutosha. Kiingereza kinadai "They say that he always comes late". "Often" na "sometimes" huweza kwenda mwisho wa kishazi, kwa hiyo "I know that he forgets often" si kosa. Lakini "always" na "never" zibakize katikati.

Kukiwa na ukanushi, angalia sana. "I think that she won't probably come" si sahihi. "Probably" inatangulia umbo lililofupishwa: "that she probably won't come". Ukiandika kwa kirefu, inaingia katikati: "that she will probably not come". "Still" nayo inatangulia kisaidizi chenye ukanushi: "They complain that she still hasn't replied". "Yet" huenda mwisho: "that she hasn't replied yet". "Already" hufuata kisaidizi: "that she has already replied". Kiswahili hubeba wazo la "already" ndani ya kitenzi chenyewe, kama katika "ameshajibu", na ndiyo maana wengi huisahau kabisa au huitupia popote.

"Maybe" na "perhaps" hazifuati orodha hiyo. Ziweke mbele ya kiima: "I think that maybe he is ill".

Tena, kitenzi kikibaki peke yake mwishoni kwa sababu maneno mengine yameachwa, kielezi kinarudi mbele yake: "People say that she is honest, and I know that she always is". Hapo "is always" haifai.

Hatua ya 5: Nafasi ya mwisho, na kuiheshimu yambwa

Kwa Kiswahili, "Anampenda sana mama yake" ni sentensi safi. Ukiihamisha ilivyo unapata "I know that she loves very much her mother", na hilo ni kosa. Ndani ya kishazi yambwa ikiwa fupi, iache igusane na kitenzi, kisha kielezi kifuate:

"I know that she loves her mother very much."

"I think that she speaks English well."

"He noticed that I had closed the door quietly."

Mfano wa tatu unakubali pia "that I had quietly closed the door". "Well" na "very much" usiziweke kati ya kitenzi na yambwa; andika yambwa kwanza.

Ukiwa na vielezi zaidi ya kimoja mwishoni, anza na namna, kisha mahali, kisha wakati: "She wrote that the choir had sung beautifully in the hall that morning". Kwa vitenzi vya mwendo mahali hutangulia: "He said that she had gone home quietly".

Tahadhari: "hard" na "hardly" si pacha. "I hear that he works hard" ni sifa, yaani anafanya kazi kwa bidii. "I hear that he hardly works" ni lawama, yaani ni kama hafanyi kazi. La kwanza hukaa mwisho, la pili katikati. Mwandishi akilikosea neno hilo kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazini, atamharibia.

Hatua ya 6: Mara tu baada ya "that"

Nafasi hii ni ya vielezi vya wakati na vya maoni, hasa unapotaka vitangulie habari yenyewe: "He promised that tomorrow everything would be ready". Cha maoni kinapenda mkato pande zote mbili: "She admitted that, unfortunately, the plan had failed". Weka mikato miwili au usiweke hata mmoja. Mmoja peke yake unaivunja sentensi.

"Usually" na "sometimes" zinakubaliwa hapa. "Always" haikubaliwi. "Never" ikitangulia inalazimisha kisaidizi kiruke mbele ya kiima, yaani "He said that never had he seen such a crowd". Si kosa, lakini ni nzito na ina mkao wa hotuba. Kwa mwanafunzi ushauri wangu ni mmoja: andika "He said that he had never seen such a crowd".

Kipande cha baada ya "that" kikiwa kirefu, waandishi husahau kwamba wameshaiandika na kuirudia: "He said that if the rain stopped that the match would continue". Futa ya pili.

Hatua ya 7: "Only" ipewe uangalifu wake

Neno hili linastahili hatua nzima, kwa sababu linahama na maana inahama nalo:

"Only I know that she called him." Mimi peke yangu ndiye ninayejua.

"I know only that she called him." Sijui kingine zaidi ya hicho.

"I know that only she called him." Hakuna mwingine aliyempigia.

"I know that she only called him." Alimpigia tu, hakumtembelea wala hakumwandikia.

"I know that she called only him." Hakuna mwingine aliyepigiwa.

"Tu" yetu hufuata neno inalolihusu. "Only" hulitangulia. Watu wanapozungumza huitupa mbele ya kitenzi, na sauti inaonyesha neno gani linakusudiwa. Kwenye karatasi hakuna sauti, hivyo iweke jirani kabisa na neno lake. "Even" itendee vivyo hivyo.

Hatua ya 8: Vishazi vya kuagiza na kupendekeza

Baada ya suggest, recommend, insist, demand, require na mafungu kama "it is essential", kitenzi cha ndani ya kishazi hubaki katika umbo lake la asili, bila "s" na bila alama ya wakati. "Not" na vielezi vya idadi hutangulia umbo hilo:

"The doctor recommended that he not drive."

"The rules require that the driver always carry a licence."

Be inabadilisha tabia hapa. Katika hatua ya 4 "always" na "never" zilifuata be. Hapa zinaitangulia: "She insisted that the child never be left alone". Kielezi cha namna bado kinaifuata: "It is essential that every page be carefully checked".

Umbo hili limeshamiri zaidi Marekani. Uingereza wengi huweka "should", na hapo unarudi kwenye kanuni ya kisaidizi: "that the driver should always carry a licence".

Ukikwama

*Kila nafasi inasikika sawa masikioni.* Huenda zote ni sahihi kisarufi, ila maana ni tofauti. Rudi hatua ya 2. Andika matoleo mawili, na chini ya kila moja andika kwa Kiswahili msomaji ataelewa nini.

*Programu ya kukagua sarufi haikuonyesha kosa.* Haiwezi kujua ulichokusudia. Sentensi zote mbili za Ijumaa zitapita bila alama nyekundu.

*"That" yangu si "kwamba".* Katika "The car that suddenly stopped was new", "that" yenyewe ndiyo kiima, hivyo kielezi kinaifuata moja kwa moja. Katika "The report that I recently read was long", kiima ni "I", na kielezi kinaingia kati yake na kitenzi. Na ikiwa "that" maana yake ni "hilo", chunga kielezi kinachotazama pande mbili: "People who say that often regret it". Wanasema mara nyingi, au wanajuta mara nyingi? Kwa maana ya kwanza andika "People who often say that regret it". Kwa ya pili, "Often, people who say that regret it".

*Nimehamisha kielezi na sasa sentensi ni sahihi lakini nzito.* Kiache kielezi, ubadilishe kitenzi. "She said angrily that" inaweza kuwa "She complained that", na kielezi hakihitajiki tena.

*Nina vielezi vitatu na kila kimoja kinamsukuma mwenzake.* Mfano: "He said yesterday that he probably had already sent the documents carefully". Kwanza toa kisichobeba kitu. Hapo ni "carefully". Kisha panga vilivyobaki kwa hatua ya 3 na ya 4: "He said yesterday that he had probably already sent the documents". Kama bado inakuelemea, ikate iwe sentensi mbili: "I spoke to him yesterday. He said that he had probably already sent the documents."